Asili ya Adabu

Siku ya tatu baada ya kumzika mkewe, mhariri wa kamusi alirudi kazini. Wenzake walimpa pole, yeye akawapa karatasi. Alikuwa amefika kwenye “adabu”. Maana yake aliiandika kama mtu aliyekufa ganzi. Asili ndiyo iliyomkwamisha: wapo wanaolihusisha neno hilo la Kiarabu na kualika watu chakulani. Akaandika hivyo, akaenda zake nyumbani.

Binti yake alimwekea sahani mezani, akarudi jikoni. Ndivyo baba alivyomfunza tangu utotoni: mtoto mwenye adabu hali chakula pamoja na baba yake. Marehemu mama yake ndiye aliyekuwa akila naye huko jikoni.

“Mwanangu, njoo tule.”

Binti alisimama mlangoni, macho chini. “Ahsante, baba. Nimeshashiba.”

Nyuma yake, sufuria ilikuwa bado haijafunuliwa.