Mashine Imesema Siko

Boti ya Ubwari ilikuwa inataka kuondoka, na mujukuu wangu alikuwa anaolewa huko siku ileile. Zamani Rashidi wa bureau ya bandari alikuwa anakuangalia uso tu, anasema, "Panda." Sasa mukubwa wake, chef Bertin, ameleta mashine ya kusoma vidole.

Vyangu vimelainishwa na kumenya mihogo, alama zimefutika. Mashine ikalia.

"Mama, inasema hauko," chef akaniambia.

"Kama siko, unamukataza nani?"

"Asiyekuwepo hapandi. Ni maendeleo."

Nikamuonea huruma. Nikafungua sahani ya arusi niliyobeba, nikamukaribisha samaki ndagala za mafuta ya mawese. Akala, akalamba vidole, kisha akaweka kimoja kwenye mashine ili amupitishe muntu wa nyuma yangu. Ikalia tena.

"Pole, chef," nikasema. "Na we hauko."

Boti ikapiga honi. Rashidi, aliyesimama pembeni ya mashine, akatazama kulia na kushoto akimutafuta mukubwa wake wa kumuuliza, naye yuko mbele yake anajipangusa mafuta kwenye suruali. Hakumuona. Basi akaniangalia uso.

"Panda, mama muzee. Usalimie bibi arusi."