Benchi la Namba Ishirini na Saba

Ijumaa ya pili ya Januari, mwaka 1998, zikiwa zimebaki dakika sita kipindi cha pili kiishe, Lauri Pelkonen aliingia kwenye kibanda cha adhabu cha uwanja wa magongo ya barafuni wa Torvola, akaketi. Alikuwa amekufa miaka saba iliyopita. Mzee Onni, mfungua mlango wa kibanda, alimfungulia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufungua mlango, si kuuliza watu vyeti. Ndani alikuwamo Wade Kettunen peke yake, akitumikia dakika zake tano za adhabu ya kupigana, pua imezibwa pamba. Alisogea kidogo kumpisha.

Lauri alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo, na miguuni viatu vya kutelezea barafuni.

"Kipindi cha ngapi hiki?" aliuliza.

"Cha pili," Wade akamjibu.

"Ahsante."

Baada ya dakika moja Lauri akauliza tena. Wade akamjibu tena. Walikwenda hivyo mpaka dakika tano zikaisha.

Nyuma ya kioo cha kibanda, kwenye kiti cha kukunja, alikuwa ameketi Aila Kettunen, mama yake Wade na fundi wa jezi wa timu, sindano imechomekwa kwenye ukosi. Alimtambua Lauri mara moja, maana alikuwa amemshonea miaka mitatu. Aliona suti imembana mabegani, akafikiri kwamba waliomvisha walikuwa na haraka.

Timu yenyewe inaitwa Nyundo. Ilianzishwa mwaka 1966, mgodi wa shaba ungali hai. Mgodi ukafa, timu ikabaki, kwa hiyo Torvola ina timu na haina kazi. Ni ligi ndogo. Wachezaji wanalipwa kwa wiki na wanasafiri kwa basi ambalo kipasha joto chake hufanya kazi kiangazi tu. Katika miaka yote hiyo Nyundo hawajachukua kombe hata moja, na mchezaji pekee waliyewahi kumpeleka ligi kuu alicheza mechi nne akarudishwa. Tusidanganyane: watu wa Torvola hawaendi uwanjani kwa ajili ya mabao. Wanaenda kumwona namba ishirini na saba.

Kila timu ya ligi ndogo ina mtu wake wa ngumi. Mwenzako akiumizwa, yeye ndiye anatupa glavu, anamkabili mtu wa ngumi wa upande wa pili, na marefa wanasimama kando mpaka mmoja aanguke. Nyundo namba hiyo hawajaibadilisha, wala jezi hawajaibadilisha. Mtu akiondoka, Aila anafumua jina lake mgongoni na kushona la mwenzake juu ya matundu yale yale. Ndani ya jezi, nyuma kiunoni, kuna mkanda mfupi unaofungwa kwenye kaptura ili adui asikuvute jezi ukafunikwa kichwa. Mkanda ule ndio kazi muhimu kuliko zote za Aila, na aliujua kama anavyojua kupika kahawa. Alimshonea Lauri, akamshonea Deschamps aliyetoka Kanada, akamshonea Saarvik, akamshonea Dale Trevarrow. Tangu mwaka 1995 anamshonea mwanawe.

Ijumaa iliyofuata akaja Deschamps. Iliyofuata, Saarvik. Mwanzoni mwa Februari akaja Dale Trevarrow, ambaye kaburi lake lilikuwa halijatimiza miezi minne. Wote na suti, wote wanauliza ni kipindi cha ngapi. Timu ya Carrow Bay ililalamika kwamba Nyundo wanachezesha watu zaidi ya idadi. Ligi ikajibu kwa barua kwamba marehemu ambaye hajakanyaga barafu hahesabiwi. Mama muuza kahawa akaanza kuwapelekea vikombe vinne, na vikarudi vimejaa, vimepoa.

Walikaa kwa kufuatana miaka, Lauri ukutani kabisa, Dale karibu na mlango. Kati ya Dale na mlango pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Siku moja Mzee Onni alitaka kuweka chupa yake ya chai pale. Dale akafunika ubao kwa kiganja.

"Pana mtu hapo, mzee," akasema.

Aila alisikia. Akahesabu vidoleni umri wa mwanawe.

Maana alikuwa anajua hesabu ambayo mji mzima ulikuwa unaijua na hakuna aliyeisema. Lauri alikufa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa amesahau njia ya kwenda kwake, wakamkuta asubuhi kwenye theluji, hatua thelathini kutoka mlangoni. Deschamps alikuwa na arobaini na sita. Saarvik thelathini na tisa, na mkewe alikuwa ameshamkimbia kwa kipigo, mtu ambaye ujanani hakuwa akiua hata nzi nje ya barafu. Dale alikuwa na thelathini na mitatu, akajifungia gereji na gari likinguruma. Kila mmoja aliondoka mapema kuliko aliyemtangulia. Wade alikuwa na ishirini na minne.

Na Wade alikuwa ameanza. Jumatatu moja Aila alimtuma mkate. Akaenda, akarudi nao. Baada ya nusu saa akavaa koti akaenda kununua mkate. Jua lilipotua palikuwa na mikate mitatu mezani, na kijana anatafuta koti.

"Unaenda wapi tena?"

"Si umesema mkate umekwisha?"

"Nimeghairi. Kaa ule."

Walikula mikate ile wiki nzima, wakakausha mingine. Usiku wa Jumatatu ile Aila aliingia sauna peke yake, akamwaga maji kwenye mawe, na ndani ya mvuke ule akalia mpaka akachoka.

Kesho yake alimwendea kocha, Merle Tasker, akamkuta anakula mkate wa nyama na viazi juu ya karatasi ya mbinu.

"Merle, mwanangu anaumwa kichwa."

"Nani haumwi? Mimi kinanigonga tangu tufungwe Jumamosi."

"Wale wanne wamemwekea nafasi. Umeiona?"

"Nimeiona." Tasker alifuta mdomo. "Watu wa zamani hao wana adabu, Aila. Hawamwachi mwenzao asimame. Wangekuwa hawa wa leo, wangejitandaza benchi zima."

"Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, Merle. Wewe ukuta wako ni vichwa vya watoto wa watu."

"Basi kamwone mwenye timu. Mimi napanga kikosi tu."

Mwenye timu alikuwa Bwana Harlan Voss, muuza magodoro. Alimpokea Aila vizuri, akamkalisha kwenye godoro la maonyesho, kwa sababu viti dukani mwake vilikuwa vimeuzwa.

"Mama Kettunen, watu wanatoka mpaka ng'ambo ya ziwa kuja kuwaona marehemu wetu. Hatujawahi kujaza uwanja hivi. Sasa nyinyi wa nyumbani ndio mnataka kuharibu?"

"Nataka mwanangu apumzike. Anasahau."

"Daktari wa timu kampima?"

"Kampima. Kamwonyesha vidole."

"Akasema vingapi?"

"Viwili."

"Vilikuwa vingapi?"

"Viwili. Lakini, Bwana Voss, yule daktari huonyesha viwili kila siku. Tangu enzi za Lauri ni viwili. Hata mimi najua, hata mama wa kahawa anajua."

Bwana Voss alifikiri kidogo. "Sasa ukijua wewe, akijua yeye, akajua na mama wa kahawa," akasema, "ugonjwa uko wapi?"

Aila alirudi uwanjani kwa miguu. Funika kombe mwanaharamu apite; ndiyo siasa ya klabu ile tangu kuundwa kwake, na yeye mwenyewe alikuwa ameshika upande mmoja wa kombe kwa miaka ishirini na saba. Alilijua hilo, likamkera kuliko maneno ya Voss.

Kanuni za ligi zina kifungu ambacho hukisikii mpaka kikuguse: mpiganaji akikutwa mkanda wa jezi yake haujafungwa, anatolewa mchezoni papo hapo. Aila alikijua kwa sababu ndicho kilichompa kazi. Ijumaa ile alichukua jezi ya Wade, akaugeuza mkanda, akakata nyuzi nne kati ya sita. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: vuta nikuvute ya kwanza tu mkanda utaachia, refa ataona, Wade atatolewa akiwa amekula ngumi moja au mbili, si kumi. Kwa kuanzia ingetosha. Angeweza kukata nyuzi nne kila Ijumaa mpaka msimu uishe Machi.

Wade alivaa. Kila mchezaji hukagua mkanda wake mwenyewe kabla ya kuingia, wanauvuta mara tatu. Wade hakuuvuta. Alikuwa ameshonewa na mama yake.

Wapinzani walikuwa Carrow Bay, na mtu wao wa ngumi alikuwa jitu moja la mikono mirefu linaloitwa Brisco. Dakika ya tisa walitupa glavu. Brisco alimshika Wade jezi begani, akavuta, mkanda ukaachia kama Aila alivyokusudia. Ila Aila, mtu aliyeshona mikanda ile nusu ya maisha yake, alikuwa amesahau mkanda ni wa kazi gani. Jezi ilipanda ikamfunika Wade kichwa na mikono yote miwili, na Brisco akampiga Wade asiyeona kitu. Refa alitaka kwanza kuhakikisha kwamba mkanda kweli haukufungwa. Alihakikisha kwa muda wa ngumi kumi na moja.

Kwenye kibanda wale wanne walisimama. Hawakuwahi kusimama kabla ya siku ile. Walisimama wameegemeza vipaji vya nyuso kwenye kioo, na walipoona Wade anainuliwa na kupelekwa chumbani, wakaketi tena mmoja mmoja, wakanyoosha makoti yao vizuri, wakaacha nafasi ile ile.

Lauri aliinama kwenye tundu la kioo. "Kijana kaenda wapi?"

"Nyumbani," Aila akasema.

"Njia anaijua?"

Aila alimtazama Lauri Pelkonen, theluji bado ipo kwenye nyusi zake.

"Bado anaijua," akasema.

Alimkuta Wade chumbani, daktari ameshamshona nyuzi kumi na tatu juu ya jicho, ameshamwonyesha vidole, ameshaondoka. Jezi ilikuwa mapajani mwake, mkanda juu.

"Umeukata, Mama."

"Nyuzi nne."

"Angeniua yule."

"Unauawa kila Ijumaa, mwanangu. Nilitaka utolewe tu. Nimekosea, nisamehe." Akaketi karibu naye kwenye benchi. "Acha, Wade. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Wade alifunga na kufungua kiganja kilichovimba.

"Nikiacha nafanya nini? Bao sijui kufunga. Kwenye viatu hivi hata kugeuka kinyumenyume nagongana na refa. Kocha ana namba ya simu ya kijana wa Saskatchewan, kule Kanada, mfukoni. Akimpigia leo, kesho yumo kwenye basi."

"Mwache aje."

"Halafu na yeye utamshonea?"

Aila angesema hapana angekuwa mwongo, na mwanawe hakuwa bado amefika pa kudanganywa.

"Wanapoita jina langu pale nje," Wade akasema, "watu elfu tatu, Mama. Mji huu nani mwingine anaitwa kwa jina? Tasker huitwa na wanaomdai, Voss huitwa na wateja. Mimi naitwa bure." Akamwekea jezi mapajani. "Shona. Safari hii uzi mara mbili."

Aila alitunga uzi. Alishona nyuzi kumi na mbili mahali pa sita, akavuta mara tatu, akavuta ya nne. Kazi ilikuwa nzuri. Hata yeye aliona ni nzuri kupita zote alizowahi kufanya, na aliichukia.

"Twende," Wade akasema akivaa koti. "Tupitie mkate njiani."

"Mkate upo."

"Haya."

Wiki ile Bwana Voss alileta seremala. Malalamiko yalikuwa ya haki: wachezaji wengine wa Nyundo wanaopewa adhabu za dakika mbilimbili walikuwa wanatumikia wamesimama, maana benchi lilikuwa limejaa na ile nafasi moja hakuna aliyethubutu kuikalia. Seremala alikuwa mtu mtaratibu. Aliwaomba marehemu wanyanyue miguu, akapima, akasukuma ukuta wa upande wa mlango nje kidogo, akaunga ubao mpya wa msonobari. Alimwita na Wade, akampima kiuno kwa utepe, akaandika.

Aila alihesabu nafasi kutoka kwenye kiti chake.

"Mbona umeongeza tatu, fundi?"

"Moja ya hao wa makosa madogo madogo." Seremala alipuliza unga wa mbao kwenye ubao. "Hizi mbili ni za namba ishirini na saba watakaofuata. Bwana Voss kasema timu itadumu."

Ijumaa uwanja ulijaa mapema. Wade alipigana dakika ya kumi na mbili, mkanda ukashika, akapigwa na akapiga, refa akanyanyua mkono. Mzee Onni akafungua mlango. Wade akaingia huku watu wakiita jina lake, akawainamia kichwa wakubwa zake, akaketi mahali pake kando ya Dale. Upande wake wa pili ubao mpya ulikuwa mtupu, bado unanukia msonobari. Wade aliutazama kidogo, kisha akaweka glavu zake pale, kumshikia mwenzake nafasi.