Asali ya Mshenga Tluway

Siku ya posa yake Eva alifungiwa chumbani kama kuku anayeatamia. Ndiyo desturi ya nyumba yao: mwali haonekani mpaka asali ya upande wa mume ifunguliwe na bibi wa ukoo na wazee waionje. Akitokeza kabla, maana yake ni moja tu, amemkataa mume, na wageni huchukua kofia zao wakarudi walikotoka. Na Eva hakuwa na nia yoyote ya kumkataa Silvanus, dereva wa watalii mwenye meno meupe na aibu nyingi, ambaye muda huo alikuwa sebuleni ndani ya suti ya kuazima, akitokwa jasho ingawa upepo wa Karatu siku hiyo ulikuwa wa kuvaa sweta.

Mwali hakukatazwa kuchungulia. Eva akabandika jicho kwenye upenyo wa mlango.

Mshenga alikuwa Mzee Tluway, baba mdogo wa Silvanus. Yeye ndiye mlinzi wa maabara ndogo iliyo kwenye shamba la kahawa huko juu, upande wa Oldeani, na humo ndimo Eva anamofanyia kazi. Mzee Tluway ni mtu wa maneno. Ukimpa salamu ya asubuhi, atakurudishia ya mchana. Alikuja na chupa ya asali imeviringishwa kanga mpya, ameipakata mapajani njia nzima kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya kigoda mbele ya Bibi Natalia, bibi yake Eva.

Bibi Natalia hakuigusa. Tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyembembeleza kwa lolote, na leo alikuwa ameipata nafasi. Mnadhani angeiacha ipite hivihivi? Walipomwomba afungue, alidai vidole vina baridi yabisi. Walipomwimbia, alisema wimbo huo aliwahi kuusikia msibani. Wakaimba mwingine, akauliza kama hakuna anayejua kucheza. Mwisho akamwita Silvanus asogee karibu, amtazame.

"Mume wangu," alimwambia, "huyu mke mwenzangu amekuficha sana. Geuka na huku nyuma nikuone, maana posa ni ya sisi wawili."

Silvanus akageuka, masikio mekundu kama vumbi la barabarani. Wazee walicheka huku matumbo yakinguruma, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia sebuleni bila kubisha hodi.

Mzee Tluway alipoona shughuli inakwama, akaamua kuipamba asali yake. Akaeleza kwamba ni asali ya kutoka Digodigo, ya nyuki wadogo, na kwamba tatizo halikuwa kuipata bali kuitunza, kwa sababu nyumbani kwake kuna wajukuu wanaonusa utamu kuliko siafu. Alikuwa akijikunakuna paja huku akisema, kama mtu aliyekalia upupu.

"Basi nikaificha wapi?" aliuliza, akawazungushia macho wote. "Kwenye kabati la mwali mwenyewe, kule maabara, nyuma ya makopo yake. Kila siku anapita mbele yake na hakuiona. Leo alfajiri nikatia mkono gizani, nikaitoa."

Sebule nzima ikapiga makofi. Kule chumbani Eva alitazama ile chupa, kisha lile paja linalokunwa.

Kule maabara wanachemsha maganda ya kahawa ndani ya chumvi ya ajabu, chumvi iliyo majimaji bila kutiwa tone la maji. Wanatafuta namna ya kutoa sukari kwenye takataka. Ikishachemshwa na maganda, chumvi hiyo huwa nzito, ya rangi ya dhahabu iliyokoza, inavutika ukiimimina. Haina harufu, haifuki, haikauki. Hapo ndipo uchawi wake ulipo: tindikali nyingine hukuonya puani kabla hujaikaribia, lakini hii hukaa kimya kama mgeni mstaarabu, na huku inakula bati, inakula ngozi, na jicho ikilipata halina dua. Na Ijumaa jioni, chombo chake kilipojaa, Eva mwenye haraka ya kwenda kusukwa nywele alimimina iliyobaki kwenye chupa tupu ya asali yenye kifuniko cha bati, akaisukuma kabatini. Karatasi ya jina, alijiambia, nitabandika Jumatatu.

Kosa lilikuwa lake. Sasa afanye nini? Akikaa, bibi yake ataonja, na wazee wataonja. Akitoka, amemkataa Silvanus mbele ya ukoo mzima.

Pale sebuleni Bibi Natalia, baada ya kushiba kubembelezwa, alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na kunyoosha mkono.

Eva akatoka.

"Bibi, acha hiyo chupa. Asiiguse mtu."

 Wazee wa upande wa mume wakainama kutafuta kofia zao. Silvanus alibaki amesimama vilevile alivyogeuzwa, uso umemporomoka, kama mtu aliyeona ndovu amekalia gari lake. Shangazi mmoja akaanza kulia, kwa sababu shangazi lazima awepo wa kulia.

"Simkatai Silvanus," Eva alisema. "Namtaka, hata leo. Ila hiyo si asali, ni dawa ya maabara, na mimi ndiye niliyeitia kwenye chupa ya asali. Mshenga, hilo paja linakuwasha?"

Mzee Tluway akajitazama. Suruali yake ya kaki ilikuwa na doa bichi, na kanga mpya ilikuwa imelowa upande mmoja. Kifuniko cha bati kilishaanza kuliwa, na chupa ilikuwa ikivuja taratibu tangu kwenye gari. Alikiri kwamba kunawasha kidogo, lakini alidhani ni furaha.

Hapo Eva akasahau uanamwali. Aliwaamuru wote wakae mbali na kigoda, akamtoa mshenga hadi kwenye bomba la uani na kumwambia avue suruali. Mzee Tluway alisema mshenga havui suruali kwa wakwe. Bibi Natalia, aliyekuwa ameshafika uani kabla yao, akamjibu kwamba yeye amezika mume na kulea vijana saba, hakuna atakachokiona hapo cha kumshtua. Tena akamgeuzia mgongo, ingawa si sana. Suruali ikavuliwa, kanga ya Bibi ikafungwa kiunoni, na maji yakaanza kumwagwa kwenye paja na kwenye mikono.

Ndoo ya kwanza ilipoisha, mzee alisema imetosha. Eva akakataa. Dawa hii ni nzito, alimweleza, inashikilia ngozi, haiondoki kwa maji ya kunawia uso. Maji yatiririke mpaka robo saa ipite, na asisugue wala kupaka mafuta. Bibi Natalia akauliza robo saa ni nyimbo ngapi za kwaya. Hakuna aliyejua. Basi akinamama wakaamua kuimba zote wanazozijua, wakipokezana bomba na ndoo, na mshenga katikati yao ndani ya kanga ya maua, akitetemeka kwa baridi na kuitikia kiitikio. Wakwe waliokuwa wametafuta kofia wakazitundika tena. Wawili wakaingia kucheza.

Shangazi, machozi yakiwa yamekauka, akaleta sufuria ili chupa itiwe humo. Eva akamzuia: sufuria nayo ingeliwa. Akaomba beseni la plastiki na mchanga mkavu. Akavaa glavu nene za Silvanus za kushikia betri ya gari na miwani yake ya kuzuia vumbi la kreta anakopeleka watalii, akaitia chupa na kanga ndani ya beseni, akamwaga mchanga pale palipodondokewa, akafungua madirisha na kuzuia watu mlangoni. Silvanus alimtazama mchumba wake akifanya kazi, amevaa hereni za posa na miwani kama chura, na aibu yote ikamtoka. Alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kama asingekuwa ameshaposa, angeposa sasa.

Walimpigia simu Daktari Lightness, mkuu wa maabara. Alikuja na pikapu na ndoo maalumu yenye kifuniko. Eva akamweleza yote bila kujitetea. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akasema chombo cha chakula kisionekane tena ndani ya maabara, kabati lifungwe kwa ufunguo ambao mlinzi hana, na kwamba Jumatatu Eva ndiye atakayewafundisha wenzake somo hilo, kwa kuwa hakuna wa kumshinda kulijua. Kisha akampakia mshenga hadi kituo cha afya. Muuguzi alikuta ngozi nyekundu tu, kama ya mtoto aliyekaa juani, akamwambia maji ndiyo yaliyomwokoa.

Walirudi kwa kupitia maabara, Mzee Tluway angali ndani ya kanga, na mkononi ana asali yenyewe, ile ya Digodigo. Safari hii Eva aliichunguza, akainusa, akatikisa kichwa kukubali.

Bibi Natalia akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono kifuani. Alisema vidole vinamuuma tena.

Wakambembeleza upya, mshenga mwenyewe akiongoza, amepiga magoti. Aliporidhika, Bibi akafungua, akaonja, akafumba macho, akasema nyuki hawa walisoma. Pilau ikapakuliwa. Kisha akamwomba Daktari kalamu na karatasi za kunata za kuandikia majina, akisema leo amejifunza: kila kitu kiandikwe jina siku hiyohiyo, kisisubiri Jumatatu.

Akaandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la nne. Ya kwanza aliibandika kwenye chupa: ASALI. Ya pili aliandika kwa kuificha na kiganja, akamwita mume wake asogee, akambandika Silvanus kwenye kifua cha suti ya kuazima.

Eva akainama kusoma, akaziba uso kwa mikono yote miwili. Iliandikwa: KISIONJWE KABLA YA NDOA.