Yai la Mwisho Mtungini

Mama Cherehani, fundi wa nguo, hakumwamini mtu anayefukia chakula. Kwa hiyo mke wa mwanawe, mgeni kutoka nchi za mbali, alipopanga mayai mtungini, akayafunika kwa majivu, chokaa na majani ya chai, kisha akausukuma mtungi chini ya ngazi, fundi yule alisimamisha cherehani.

"Mtungi usifunguliwe mpaka mama yangu aje, mama. Ni chakula cha kwetu."

"Chakula gani kisicholiwa?"

"Kinaliwa. Tena wewe ndiye wa kwanza."

Basi, hapo akaharibu kila kitu. Tangu siku ile Mama Cherehani alishona mguu ukiwa kwenye pedali na jicho likiwa kwenye ngazi. Mwanawe, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, akikohoa, ni mtungi. Akikosa hamu ya kula, ni mtungi. Chai aliyoletewa na mkwewe aliinusa kabla ya kunywa, tena waziwazi bila haya.

Mwisho uvumilivu ukamwishia. Mkwe alipokwenda sokoni, akaufungua. Harufu kali ilimchoma pua. Akamenya yai moja: ute mweusi ti, kiini cha kijani. Sumu, hakuna cha kuuliza! Akayatupa yote shimoni, ila moja alilolifunga kwa kitambaa na kulitia kwenye droo ya cherehani, ili amwonyeshe mwanawe. Mtungini akaweka mayai ya dukani, akayafukia vizuri, akanawa mikono.

Kabla hajapata nafasi ya kusema na mwanawe, mgeni aliyesubiriwa, mama mzazi wa mkwewe, akawasili. Wakaketi wote. Mkwe akachimbua yai, akalimenya kwa madaha, na ute mbichi ukamchuruzika vidoleni.

Mgeni akasimama. "Mwanangu, funga mizigo."

"Kwani kuna nini?" mume akauliza.

Mkwe alikuwa analia. "Kwetu bibi harusi huyafukia siku anapoingia nyumbani kwa mumewe. Yakigeuka meusi, nyumba imempokea. Yakibaki hivi, anarudi kwao."

Mama Cherehani alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza tu, na mtungi uondoke na mwenyewe. Lakini mwanawe alikuwa ameushika mkono wa mkewe, hauachii, na uso umemshuka kama wa mtu aliyefiwa. Fundi akaiendea cherehani, akarudi na kitambaa.

"Yaligeuka," alisema. "Mimi ndiye niliyeyatupa. Nilimdhania mtoto wa watu mabaya."

Akalimenya lile yai mbele yao. Lilikuwa jeusi, linang'aa.

Mgeni akalitazama, kisha akamtazama fundi kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Na hili umelitia nini?" akauliza. "Kula wewe kwanza."

Mama Cherehani alijua vizuri sana jicho lile, maana lilikuwa lake. Akaziba pua, akauma, akatafuna machozi yakimtoka, akameza. Kipande kilichobaki akamnyooshea mkwewe.

"Kula, mwanangu," alisema. "Ila kwenu chumvi hamna?"

Mkwe akakipokea na kukitia mdomoni bila kukinusa.