Jozi Hazilii

Tangu mama yake azikwe mwezi wa pili, Melania alikuwa akipika kwa kuhesabu. Wali wa watu ishirini, vijiko vitatu na nusu vya chumvi. Chai ya maziwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Zamani alivijua vitu hivyo kwa ulimi, bila kufikiri. Sasa ulimi ulikuwa umelala kinywani kama kitambaa kilicholowa, na pua nayo ilikuwa imeufuata. Akitafuna ndizi, alijua ni ndizi kwa sababu ameimenya mwenyewe.

Hakulia sana wala hakuugua. Alilala, akaamka, akakoka moto.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Fatuma, mwenye jiko la chakula cha harusi katika mtaa wa Waswahili mjini Gitega, alimpa kazi kwa ajili ya ulimi huo huo. Siku Melania alipokuja kuomba kazi, Fatuma alimwekea mbele mabakuli matatu ya mchuzi, naye akaonja na kusema kila moja limepungukiwa na nini. Hadithi hiyo Fatuma huwapa wateja mpaka leo. Mpishi asiyesikia ladha ni sawa na fundi cherehani asiyeona tundu la sindano: utamhurumia, lakini kitambaa chako hutampa. Na fedha ya jiko la Gitega ndiyo iliyokuwa ikimlisha baba yake kule Butihinda. Kwa hiyo Melania alihesabu vijiko na kufunga mdomo, miezi ikapita minane.

Mwezi wa kumi ukaletwa mfuko kutoka Amerika.

Aliyeutuma ni dada yake, Lucia. Hao walikuwa mabinti wawili wa mzee Yakobo, waliolelewa wote katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Lucia aliolewa huko huko kambini, na ukoo wa mumewe ulipopata nafasi ya kwenda Amerika, akaenda nao. Wazazi na Melania wakarudi Burundi, Butihinda, mkoa wa Muyinga. Lucia sasa alifanya kazi katika kiwanda kinachofungasha jozi na pekani, njugu za miti ya huko. Kila alipopiga simu, mama aliuliza swali lile lile: "Hizo karanga zenu za huko, zinaliaje kwenye kikaango?" Maana mama alikuwa mkaanga karanga wa soko la Butihinda, na karanga yeye aliziivisha kwa sikio. Lucia alicheka na kusema, "Nitakutumia, mama, uzisikie mwenyewe." Alisema hivyo miaka sita.

"Mfuko umefika?" aliuliza Lucia kwenye simu.

"Umefika."

"Zile zenye mikunjo ndizo jozi. Zile ndefu, za kahawia, ni pekani. Mela, nataka ziliwe siku ya kuondoa kilio. Zote. Kila aliyemzika mama apate japo moja. Sikuja kumzika, basi angalau..." Akavuta kamasi. "Utazikaanga wewe?"

"Nitazikaanga. Dakika ngapi?"

"Dakika!" Lucia akacheka katikati ya kamasi. "Mpishi wa mjini anauliza dakika! Sufuria kavu, moto mdogo. Harufu ikija tu, ipua. Usichelewe, zina mafuta mengi hizo, zinaharibika ukikohoa."

"Harufu ya namna gani?"

"Utaijua. Pua ya mama aliachiwa nani kama si wewe?"

Hapo ndipo pa kusema. Melania aliuona mlango umefunguliwa, akausukuma ukafungika. "Sawa, dada," alisema.

Fatuma alipoona pakiti mezani, macho yakamtoka. "Yoo! Hii si jozi? Shangazi yangu alitokaka nayo Oman, akatugawia mbili mbili kama dawa. We Melania, uniwekee kidogo."

"Nitakuwekea, Mama Nadia."

"Enda umalize kilio ya mama yako. Vendredi unaenda, lundi unarudi." Alimpa Ijumaa mpaka Jumatatu. "Na ulale kidogo, uso yako iko kama ya mtu anasubiri gari."

Nadia, binti wa Fatuma, alikuwa amesimama nyuma ya sufuria la pilau na kijiko mkononi. Alimwangalia Melania kama mwenye neno, kisha akameza alichokuwa nacho mdomoni, akafunika sufuria.

Nyumbani Butihinda kulikuwa kumejaa. Siku ya kuganduka, siku ya kuondoa kilio, haipikiwi na mtu mmoja. Uani mioto ilikuwa minne, na maharage ya moto mmojawapo yalikuwa yameshika chini, moshi wake ukizunguka kila mahali. Shangazi Imelda, dada wa Yakobo, alikuwa akimenya ndizi na kuamrisha. Alichungulia pakiti ya pekani, akarudi nyuma.

"Mungu wangu. Lucia ametutumia mende?"

"Ni aina ya karanga, shangazi."

"Mende waliokauka. Na hizi nyingine ni bongo za kuku. Huko Amerika mtoto wetu anakula nini?"

Wanawake wakacheka. Melania alijua kwamba naye angepaswa kucheka, akacheka.

Alitenga kiganja kimoja cha jozi mbichi kwa ajili ya Fatuma, akakifunga kwenye karatasi. Zilizobaki akaingia nazo kwenye kijumba cha jiko, mahali alipokuwa akikaangia mama. Kikaango kilikuwa kile kile cha chuma, mpini umekatika. Kigoda cha mama kilikuwa pale pale pembeni ya mafiga. Tangu mwezi wa pili hakuna aliyekikalia. Melania naye akachuchumaa.

Akapunguza kuni, akamimina jozi na pekani pamoja, akaanza kugeuza. Harufu ikija, ipua. Akavuta pumzi. Hakuna. Akainamia kikaango mpaka joto likamchoma paji la uso, akavuta tena. Hewa ya moto, basi. Akaangalia rangi, lakini kijumba kilikuwa na giza la moshi, na pekani zilikuwa za kahawia tangu zitoke kwenye pakiti. Angeweza kumwita Imelda anuse. Imelda angeuliza kwa nini.

Kwa hiyo alifanya alichofundishwa. Karanga husema zenyewe. Kwanza hunyamaza, kisha moja inapasuka, kisha nyingine, kisha zote kwa pamoja kama mvua inayoanza juu ya bati. Na mvua hiyo ikianza kukatika, ipua. Mama angeweza kukaanga amefumba macho, huku akibishana na mteja. Melania akafumba macho. Akageuza na kusubiri zilie.

Hazikulia. Akasubiri tena. Kuni zilipasuka, nje watu walisogeza mabenchi, kikaangoni zilisikika zikikwaruzana tu. Alisubiri mpaka Imelda alipopiga kelele kwamba watu wamekaa. Akaipua, akanyunyiza chumvi kwa kuhesabu, akazidondoshea asali, akazimimina kwenye sinia.

Uani walikuwa wamejipanga: wazee wa pombe ya mtama upande mmoja na mirija yao, walokole wa Fanta upande wa pili. Mzee Yakobo alikaa katikati na koti lake la kijivu. Mjomba Josephat, kaka wa marehemu, ndiye aliyesimama kusema. Alishukuru waliochimba kaburi na walioleta maji, na waliokuja bila kitu pia, "maana nao walijaza mabenchi." Akasema kwamba kabla hajatamka neno la kuondoa kilio, kuna kitu kimevuka bahari, na kitaliwa kwanza.

Imelda akainua simu. Usoni mwa kioo alikuwamo Lucia, amejifunga kitambaa kichwani, alfajiri ya kwao.

Melania akasimama na sinia. Kwao anayetoa huonja kwanza. Asiyeonja ana lake moyoni. Macho yote yakamtazama mdomo. Akachukua jozi moja, akaitafuna. Ilikuwa ngumu kidogo, ikavunjika, ikawa unga.

"Ni nzuri," alisema. "Karibuni."

Sinia likazunguka. Watu walichukua moja moja kwa heshima. Kisha meno yakaanza kazi. Mwanamke mmoja alifumba jicho moja. Mlokole mmoja alimaliza Fanta yake kwa mkupuo mmoja.

"Zikoje?" aliuliza Lucia kutoka kwenye simu. "Semeni basi!"

"Tamu!" wakasema wote, kama darasa.

"Tamu sana," aliongeza Imelda, akachukua nyingine ili aonekane.

"Mjomba?"

Josephat alihamisha kitu kutoka shavu hili kwenda lile. "Mwanangu, zina nguvu. Nimemeza mbili, nikasikia malaria ya mwaka jana inanitoka."

Watu wakacheka. Lucia naye akacheka, akafuta machozi kwa kitambaa. Yakobo yeye alikuwa amechukua kiganja kizima, akizila moja baada ya nyingine bila haraka, kama mtu anayekula sehemu ya mwenzake.

"Mela," aliita Lucia. "Hao ni watu wa adabu, watasema tamu hata ningetuma kokoto. Wewe ndiye mwenye ulimi. Niambie kweli. Mama angezipenda?"

Imelda akageuza simu. Uso wa dada ukamkabili Melania, mdogo kama stempu. Alitazama nyuso zilizokuwa zikitafuna. Alijua kutaja idadi ya vijiko, lakini kwa swali hili hakukuwa na hesabu. Angesema ndiyo, angekuwa amemsemea mama uongo, tena siku hii.

"Sijui, dada," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sisikii ladha. Wala harufu. Tangu mama afe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetaja bei. "Uliniambia harufu ikija niipue. Haikuja. Nikasubiri zilie kama karanga. Hazikulia."

Hakuna aliyetafuna tena.

"Hazilii, Mela," Lucia alisema polepole. "Jozi hazilii. Hazina sauti kabisa. Mama aliniuliza miaka yote hiyo na sikumjibu, nilikuwa nacheka tu." Akaweka simu mezani kwake, wakabaki wanaona dari ya nyumba ya Amerika, wakisikia mtu analia mbali.

"Kwa hiyo zimeungua?" aliuliza Imelda. "Nimekula nane! Nane, nikidhani ndio ustaarabu!"

Kicheko kilitoka pande zote, na mlokole wa Fanta akatema chake nyuma ya benchi bila aibu. Melania alisimama na sinia mkononi. Alikuwa ametarajia kwamba akishasema, kitu kitavunjika ndani yake, au aibu itamchoma. Alisikia mikono tu, imechoka kwa uzito wa sinia.

Josephat akamtazama shemeji yake Yakobo, kisha akakohoa. "Nilikuja kuondoa kilio," alisema. "Nyumbani humu nakiondoa. Kesho jembe lishike udongo. Lakini kwa mtoto huyu hakijaondoka, na mimi si mwizi wa kumnyang'anya mtu kilicho chake. Kitaondoka chenyewe. Tunyweni."

Jua lilipoanza kulegea na wageni kupungua, Melania alimwandikia Fatuma ujumbe. Aliufuta mara mbili. Mwishowe aliandika: Mama Nadia, tangu mama afe sisikii ladha ya chakula. Nilikuficha. Nisamehe.

Jibu lilikuja hata kabla hajainuka. Tunajuaka. Tangu mars, mwezi wa tatu, Nadia iko anaonja nyuma yako, anaongeza chumvi. Rudi lundi. Usisahau jozi yangu.

Akalisoma, akamkumbuka Nadia na kijiko chake nyuma ya sufuria. Akakaa na simu mapajani mpaka kioo kikazima.

"Zimebaki mbichi?" Baba yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Za Mama Nadia tu, baba. Kiganja."

"Lete nusu."

Yakobo akaingia, akakivuta kigoda kile, akakikalia. Hakukitazama. Akaweka kikaango juu ya makaa. "Geuza wewe," alisema. "Mi nitanusa."

Melania akageuza. Baba alikaa ameinamisha kichwa, macho yamefumbwa, pua juu ya kikaango.

"Zile za mchana," Melania alisema, "kwa nini ulizila nyingi hivyo?"

"Nilidhani ndivyo zilivyo. Nikasema, basi mama yenu hakukosa kitu." Akavuta pumzi. "Subiri. Subiri. Ipua sasa."

Akaipua. Wakazimwaga kwenye ungo, zikapoa kidogo. Yakobo akachukua moja, akaiuma. Taya zikasimama. Akaendelea kutafuna polepole, kisha akageuza uso upande wa ukuta.

"Ni tamu?" aliuliza.

Baba akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Ni tamu."

Melania akachukua yake. Ilikuwa ya moto. Ilivunjika kwa urahisi kuliko zile za mchana, na mafuta yake yakaupaka ulimi, laini. Akatafuna mpaka ikaisha.

"Vipi?"

"Bado, baba."

Yakobo akamsogezea ungo. "Basi chukua nyingine."