Dumu ni Mtu

Tangu tuletewe bomba, ufunguo wa kioski cha maji anatembea nao Mzee Ngassa, mwenyekiti wa kamati. Akienda kuangalia ng'ombe wake, kijiji kizima kinakaukiwa. Nimechoka! Mwaka huu nikachukua fomu nigombee nafasi yake, ufunguo ukae bombani.

Zamani tulichagua kwa kunyoosha mikono, na wapambe wa Ngassa walinyoosha yote miwili. Safari hii tukaambiwa utaratibu umebadilika: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, ahesabiwe. Nikashangilia kama mjinga.

Mkutano ulikuwa saa tatu. Afisa kutoka Runzewe kafika saa saba na nusu, eti pikipiki iliharibika. Wanaume wa Ngassa walikuwa wanacheza bao tu. Nani anawasubiri jikoni? Wanawake, madumu mkononi kama kila siku, walijipanga nyuma yangu tangu asubuhi, kisha kila mwenye familia ya kulisha akaacha dumu lake mahali pake, akakimbia kusonga ugali. Hakuna aliyeona kosa. Bombani ndivyo tunavyoishi, na sheria aliitunga Ngassa mwenyewe: dumu ni mtu, asilisogeze yeyote.

Afisa akahesabu. Ngassa, thelathini na mmoja. Mimi, tisa.

"Na hawa?" nikamwonyesha madumu arobaini na mawili.

"Mama Dorah, dumu halipigi kura."

"Basi subiri niwaite, hawako mbali."

"Muda umekwisha."

Muda! Aliyechelewa saa nne na nusu ndiye ananifundisha muda! Nikamgeukia Ngassa.

"Mzee, si wewe uliyesema dumu ni mtu?"

"Bombani, mayo, mama yangu. Hapa ni uchaguzi." Akacheka mpaka akakohoa.

Akatangazwa mshindi. Watu wakaanza kutawanyika.

Ndipo Mbuke, mke wa Ngassa, akaja mbio, unga bado mikononi. Akayapita madumu yote hadi lake la bluu, la kwanza kabisa nyuma yangu, akasimama kando yake.

"Wamemaliza, mwenzangu," nikamwambia. "Tumeshindwa."

Ngassa alikuwa ameacha kucheka.

"Mama Sostenes," akaita, "twende nyumbani."

"Tangulia," akasema Mbuke, mkono juu ya dumu. "Mimi niko kwenye foleni."