Mashuka ya Saa Nne

Mshonaji wa nyumba ya tatu anadai kwamba Jumanne ile hakusikia king'ora. Alikuwa anashona kola ya shati la sare, na kola, anasema, ni kama mtoto mchanga aliyepitiwa na usingizi: ukijitikisa tu, umeiharibu. Kwa hiyo shuka lake jeupe lilibaki kwenye kamba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita. Huo ndio muda ambao kituo cha umeme husafisha mabomba ya boila kwa mvuke, na dohani hutema masizi ya makaa ya mawe juu ya mtaa wa wafanyakazi. Mtaa mzima unajua kazi ya king'ora. Kikilia, nguo zinaingia ndani, ziwe zimekauka au bado. Kikilia mara ya pili, zinatoka.

Anadai kwamba alipokwenda kulianua, shuka halikuwa limechafuka ovyo. Lilikuwa limechorwa kifua. Mbavu nyeupe, jozi kumi na mbili, na nyuma yake mapafu mawili, meusi kuanzia chini hadi katikati. Ubavu wa saba wa kushoto ulikuwa na kinundu, palepale alipovunjika mwaka alioanguka kwenye stuli akibadilisha taa. Kwa kinundu hicho ndipo alipojua kuwa kifua ni chake.

Alilikunja akalipeleka kwa dobi, ambaye nyumba zao zimeshikana ukuta.

"Shoga, hebu tazama. Hii inatoka?"

Dobi alilitandaza mezani, akahesabu mbavu kwa kidole, akasugua kona moja kwa sabuni. Alikuwa na miaka tisa ya kufua nguo za mtaa ule, na alishakutana na damu, kutu, wino na grisi.

"Mbavu hazina shida, ni kitambaa chenyewe," alisema. "Huu weusi utataka kulowekwa siku mbili."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mshonaji. "Wahenga hawakukosea. Walisahau tu kutaja shuka."

Alililoweka siku nne. Maji yalitoka meupe na mapafu yakabaki.

Wiki iliyofuata watu walianza kuacha mashuka nje makusudi. Utaratibu ulijulikana upesi. Shuka lilipaswa kulaliwa na mtu mmoja siku tatu mfululizo, kisha kufuliwa na kuanikwa kabla ya king'ora. Wakilala wawili, vifua vilipandana. Mlinzi wa getini, ambaye mke wake alikuwa amesafiri, alianika shuka lenye mbavu arobaini na nane, na hilo lilizungumzwa kwa muda mrefu kuliko mapafu ya mtu yeyote.

Walipeleka mashuka zahanati. Daktari wa kampuni, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiandika "kifua safi" kwenye kila kadi, aliyatazama moja moja akiyaelekeza dirishani.

"Shuka si kipimo," alisema. "Na kama ni lazima mlete, pigeni pasi kwanza. Makunyanzi yananichanganya."

Alhamisi alikuja kwa dobi kwa mlango wa nyuma, akiwa na shuka lake mwenyewe limefungwa kwenye gazeti. Aliuliza kama linaweza kutakata kabla ya Jumatatu.

Mume wa dobi alikuwa mtu wa tanuri, boila namba mbili. Sebuleni kwao alikaa baba yake, mzee aliyeokota mawe kwenye mkanda wa kusafirishia makaa kwa miaka thelathini. Kando ya kiti chake kulikuwa na mashine ya oksijeni, kubwa kama ndoo, ikinguruma mchana na usiku, waya wake kwenye soketi na mrija wake puani kwa mzee. Mwaka uliopita umeme ulikatika dakika arobaini. Dobi alimpepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka taa zikarudi, na midomo ya mzee ilichukua siku mbili kurudia rangi yake.

"Makaa ya jana yalinipa ugonjwa, makaa ya leo yananipa pumzi," mzee alipenda kusema. "Mimi na kituo tumeoana, mama. Na kadhi hayupo."

Mume hakutaka kuanikwa.

"Nikishajua, nifanye nini?" alimuuliza mkewe. "Niache tanuri lipoe? Na baba apoe nalo?"

"Sijasema uache."

"Basi niache nilale kwenye shuka langu kwa amani."

Dobi hakubishana. Alisema godoro linamuumiza mgongo, akalala kwenye mkeka siku tatu. Jumamosi, mume akiwa kazini, king'ora kililia na yeye akaanua kila kitu isipokuwa shuka moja. Alikaa kwenye kizingiti akimenya viazi na kulitazama likijaa. Masizi yalikuwa yakifika na kutua kila moja mahali pake, bila kusukumana, kama watu waliopewa namba za viti.

Mapafu yalikuwa meusi yote mawili. Palibaki sehemu moja nyeupe, chini ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Dobi alifuta mikono, akaiwekea vidole. Vinne. Alilikunja shuka, akalificha chini ya pipa la sabuni, na akaendelea na viazi. Wiki mbili baadaye alipima tena kwenye shuka jingine. Vilikuwa vitatu na nusu. Ile nusu aliipima mara mbili.

Mkutano ulifanyika kwenye bwalo la chakula la kituo. Mshonaji alivuta kamba kutoka dirisha hadi dirisha na kuyaning'iniza mashuka yote ya mtaa, hivyo meneja alipoingia ilimbidi ainame chini ya kifua cha dereva wake. Alikaa, akaomba maji, akasema yuko tayari kusikiliza.

Mshonaji alisimama wa kwanza. "Mimi sina maneno mengi, maneno yangu yametundikwa pale, la nne kutoka mlangoni. Fungeni kituo. Umeme gani huu, unawasha taa ili tuonane tukikohoa?"

"Kaa chini, wewe unashona kwa mguu!" alidakia muuza barafu. "Cherehani yako haijui hata soketi inafananaje. Kituo kikifungwa, mimi nauza nini? Maji ya baridi ya kukumbuka? Na zahanati dawa za kwenye friji mtazitia mfukoni?"

"Heri nife na kiu kuliko kufa na barafu."

"Sema hivyo ukiwa na kiu."

Watu walicheka. Fundi wa mitambo alisema kuwa miji mingine inatumia jua na upepo, na kwamba yeye mwenyewe ameona. Meneja alisema ni kweli, hata kampuni inapenda sana jua, na kituo kitafungwa, ila taratibu. Miaka kumi na miwili.

"Kumi na miwili," alisema mshonaji. "Nikaliambie pafu langu lisubiri?"

Meneja aliandika jambo hilo kwenye daftari lake.

Kisha walipiga kura ya mikono. Karani alipanda juu ya benchi. Wanaotaka kituo kifungwe? Dobi alifikiria chini ya pipa la sabuni, akainua mkono. Karani akahesabu. Wanaotaka kituo kiendelee? Dobi alifikiria soketi ya sebuleni, na akaona kwamba mkono wake ulikuwa bado uko juu. Hakuushusha. Karani akahesabu tena.

Waliotaka kifungwe walikuwa mia moja na sita. Waliotaka kiendelee walikuwa mia moja na sita. Bwaloni, ukimtoa meneja na karani, kulikuwa na watu mia moja na sita. Hakuna aliyemgeukia mwenzake. Muuza barafu alikuwa anajitazama viganja.

Meneja alisema kura zikilingana, jambo hubaki kama lilivyokuwa. Akashukuru, akainama tena chini ya kifua cha dereva wake, akatoka.

Siku ya kumi baada ya mkutano lori la kampuni lilipita mtaani likigawa mashuka, mawili kwa kila kitanda, kwa kutia sahihi. Yalikuwa pamba nzito, nzuri kuliko ile ya dukani, na yalikuwa meusi. Tangazo lililobandikwa getini lilisema kuwa, kwa kuwa wakazi hawatahitaji tena kuanua nguo, king'ora cha saa nne kimesitishwa. Mshonaji aliyapapasa ya kwake kwa vidole viwili, akasema pindo limeshonwa na mtu mvivu, akayashona upya. Daktari alirudi kuandika "kifua safi." Ile kamba ya bwaloni iliachwa, watu wakawa wanaanikia vitambaa vya kufutia meza.

Dobi naye aliyakubali. Mashuka meusi hayahitaji buluu ya kung'arishia, na sabuni ilipungua kwa theluthi. Shida ilikuwa kwenye pasi. Jumatatu ya kwanza alipoinyoosha pasi juu ya shuka la mlinzi, ilidunda. Aliinua shuka, akalikung'uta, akalitandaza upya. Kitambaa kilikuwa tambarare, lakini pasi ilipanda na kushuka, tuk, tuk, tuk, mara kumi na mbili, na upande wa pili mara kumi na mbili. Tangu hapo alijifunza kupiga pasi taratibu kwenye mbavu na kukaza mkono chini yake. Wateja hawakulalamika.

Shuka la mume wake alilipiga pasi la mwisho, alasiri moja. Kwenye mapafu pasi ilikuwa nzito, ikikwama kama inayopita juu ya mchanga. Chini ya mtulinga wa kushoto iliteleza yenyewe. Dobi aliiweka pembeni, akapapasa mahali hapo. Kidole kimoja kilienea. Alipoongeza cha pili, kilikanyaga mchanga.

Saa tisa na nusu mume alirudi kutoka zamu. Hakuingia. Alikaa kwenye kizingiti, akalegeza kamba za buti la kulia, akalivua, akaliweka kando. Kisha akaegemea nguzo ya mlango na kufumba macho.

"Ni yeye?" aliuliza mzee kutoka kwenye kiti chake.

"Ni yeye, baba."

"Mbona haingii?"

"Anavua buti."

Mzee aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, kama alivyokuwa akiinamia mkanda zamani, alipokuwa akigonga bonge kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama ni makaa au jiwe. Mashine ilinguruma. Buti la kushoto lilikuwa bado mguuni.

"Mama," alisema mzee, "izime kidogo hii mashine. Nataka kumsikia mwanangu anavyopumua."